Kabla hujachangia boksi la mvinyo, piga hesabu hii

"Wasee, tuchange mia sita sita tushike boksi."

Ukiwa kwenye kundi lolote la WhatsApp la vijana jijini, ujumbe wa aina hii umeshausoma, hasa wiki ya mshahara. Hakuna anayeuliza ni boksi la nini. Kuna wakati boksi la mvinyo lilikuwa kitu cha kuonekana kwenye harusi au ruracio. Siku hizi liko kwenye keja za Roysambu, Rongai na Nyali, juu ya friji au kando ya mtungi wa gesi. Bethidei, mahafali, kuhamia nyumba mpya, hata ile "njoo tu tukae" ya Jumapili, zote zina boksi.

Sababu inayotolewa huwa moja: ni nafuu. Ukisema unapenda chupa, utaambiwa unapenda kuibiwa. Ukisema boksi ni la watu wasio na hadhi, utaambiwa hadhi hailipi kodi ya nyumba. Nakubaliana na hilo la pili kabisa.

Lakini hiyo sababu ya kwanza nataka tuipime kwa kalamu. Kijana anayelipa kodi, anayelipa HELB na anayedaiwa Fuliza hana shilingi ya kuchezea. Na neno "nafuu" limemaliza pesa za watu wengi mtaani kuliko neno "ghali".

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Boksi ni biashara nzuri kwa kundi la watu wanaolimaliza pamoja. Kwa mtu mmoja anayeliweka nyumbani, mara nyingi ni hasara inayofanana na akiba.

Hesabu ya dukani

Boksi linaloonekana zaidi kwenye supamaketi na maduka ya vileo ni la lita 5. Chupa ya kawaida ya mvinyo ni mililita 750. Gawanya, na utapata kuwa boksi moja ni chupa sita na theluthi mbili. Lipo pia la lita 3, ambalo ni chupa nne kamili.

Bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hivyo tutumie tarakimu rahisi za mfano. Tuseme chupa ni Sh1,000 na boksi la lita 5 la mvinyo ule ule ni Sh5,000. Glasi ya kawaida ni mililita 150. Chupa hutoa glasi tano, boksi hutoa glasi 33. Glasi ya chupa imekugharimu Sh200, ya boksi Sh150.

Hapo boksi limeshinda. Kupunguziwa robo ya bei si mchezo, na anayekuambia huo ni ushamba hajawahi kununua unga wa kilo mbili akauacha wa kilo moja.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja ambalo halijaandikwa kwenye katoni. Inadhani kwamba utakunywa glasi zile zile ambazo ungekunywa kama ungenunua chupa. Sasa tumwangalie mtu halisi, si glasi.

Chukua mtu anayenunua chupa moja kila wikendi. Anatumia Sh1,000 kwa wiki. Akihamia boksi, anatoa Sh5,000 kwa mara moja, pesa ambazo zingemnunulia chupa tano za wikendi tano. Kwa hivyo boksi lazima limfikishe wikendi ya tano ndipo pesa yake irudi. Kila siku linapodumu baada ya hapo, anaokoa.

Likiisha wikendi ya tatu, mambo yamegeuka. Sh5,000 kwa wiki tatu ni karibu Sh1,700 kwa wiki. Huyo amenunua kwa bei ya chini na ametumia pesa zaidi.

Kanuni yenyewe ni rahisi, unaweza kuipiga kwa simu ukiwa bado mbele ya rafu. Chukua bei ya boksi, gawanya kwa bei ya chupa ya mvinyo huo huo. Jibu ndilo idadi ya chupa ambazo boksi hilo lazima lichukue nafasi yake. Kama jibu ni tano na wewe ni mtu wa chupa moja kwa wiki, jiulize kwa ukweli: hili boksi litakaa kwangu wiki tano?

Mfuko nao una saa yake

Kuna watu wataniambia, "Sawa, mimi nina nidhamu, litakaa hata miezi mitatu." Hapo tunakutana na tatizo la pili.

Ndani ya katoni kuna mfuko wa plastiki wenye tabaka kadhaa, na kamfereji kadogo chini yake. Ukifungua mfereji, mvinyo hutoka na mfuko hunywea. Hewa haiingii kuchukua nafasi iliyobaki. Huo ndio ujanja wote. Mvinyo huharibiwa na hewa. Chupa ikishafunguliwa, nafasi iliyo juu hujaa hewa, na baada ya siku tatu hadi tano ladha huwa imeshageuka. Boksi huweza kukaa wiki nne hadi sita.

Wazo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Mmarekani William Scholle alibuni mfuko ndani ya boksi mwaka 1955, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba asidi ya betri. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, Thomas Angove wa Renmark, Australia Kusini, alisajili haki za kuuza mvinyo kwa namna hiyo. Boksi lake halikuwa na mfereji. Mteja alikata kona ya mfuko, akamimina, halafu akaibana kona hiyo kwa kibanio kama kile cha nguo. Mfereji ulikuja mwaka 1967.

Kwa hivyo boksi si dalili ya mvinyo mbovu. Ni chombo tu. Kule Uswidi, ambako mvinyo huuzwa kwenye maduka ya serikali, zaidi ya nusu ya mvinyo kwa ujazo umekuwa ukiuzwa kwenye maboksi, na hakuna anayewacheka. Mvinyo mwingi duniani hunywewa muda mfupi baada ya kununuliwa. Haukutengenezwa kuzeeka kwenye ghala. Kama kuna aliyekudharau kwa sababu ya boksi, mwache na dharau zake.

Lakini zirudie zile wiki nne hadi sita. Tumesema mnywaji wa chupa moja kwa wiki anaanza kuokoa wiki ya tano. Mvinyo wenyewe unaanza kuchoka wiki ya sita. Maana yake ni kwamba faida yake yote iko kwenye dirisha la wiki moja au zaidi kidogo. Akiwahi, amepoteza pesa. Akichelewa, anamimina kitu kilichochacha.

Anayekunywa kidogo zaidi ya huyo hali yake ni mbaya. Mtu wa glasi mbili kwa wiki atakuwa amekunywa glasi 12 kufikia wiki ya sita. Zimebaki glasi 21 ndani ya mfuko. Sh5,000 zake zimemnunulia glasi 12, yaani zaidi ya Sh400 kwa glasi. Ni kweli, hata chupa ingemharibikia kabla ya wiki kuisha. Dawa yake ni chupa ndogo, au kuchangia chupa moja na jirani. Wa glasi tatu kwa wiki, boksi la lita 3 litamfaa: lina glasi 20, na kwa wiki sita atakunywa 18. Lita 5 ni mzigo asiouhitaji.

Na yule anayekunywa zaidi? Chukua glasi mbili kila jioni baada ya kazi. Hizo ni glasi 60 kwa mwezi, na kwa Sh150 kila moja ni Sh9,000. Katika mitaa mingi ya Nairobi hiyo ni kodi ya bedsita. Kwa kipimo cha bei ya glasi, yeye ndiye anayefaidi boksi kuliko wote. Na ndiye ninayemhofia kuliko wote.

Kwa nini boksi huisha mapema

Chupa ina adabu moja ambayo watu huisahau. Huonyesha ilikofika. Ukiimimina hadi nusu, unaiona nusu. Ikiisha, inasimama mezani tupu na kukuuliza kama kweli unataka kufungua nyingine. Kufungua nyingine ni uamuzi mpya.

Boksi halina hayo. Likiwa limejaa na likiwa limebaki robo, kwa nje linafanana. Hakuna kizibo cha kung'oa wala sauti ya kukushtua. Unapita kuelekea jikoni, unabonyeza mfereji, unaendelea na safari. Mtu akikuuliza umekunywa ngapi jana, unasema "mbili tatu hivi", na wewe mwenyewe unaamini.

Glasi nayo ni tatizo. Kwenye keja nyingi hakuna glasi za mvinyo. Kuna vikombe vya chai na vile vikombe vya plastiki vya sherehe. Kikombe cha mililita 300 kikijaa, hizo ni glasi mbili, si moja. Unajihesabia mbili huku umekunywa nne.

Sasa tuingie ndani ya mvinyo wenyewe. Bia ya Tusker ya mililita 500 ina asilimia 4.2 ya alkoholi, yaani mililita 21 za alkoholi halisi. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 14 ina mililita 21 pia. Ni bia moja kwa glasi moja, bila kuzidi wala kupungua.

Boksi la lita 5 la mvinyo huo lina mililita 700 za alkoholi. Hizo ni bia 33: kreti moja na chupa nane juu. Ukipenda kuhesabu kwa mizinga, mzinga wa mililita 750 wa asilimia 40 una mililita 300, kwa hivyo boksi ni zaidi ya mizinga miwili. Lile la mvinyo mtamu, ambalo nyingi ni kama asilimia 8, lina mililita 400: bia 19, au mzinga mmoja na theluthi.

Niambie, ni nani kati ya marafiki zako angeweka kreti ya bia na nyongeza kando ya kitanda, akaiita kubana matumizi? Lakini boksi lina picha ya zabibu, linakaa kama juisi, na wageni wakiingia hakuna anayeshtuka.

Utamu nao unadanganya. Mvinyo mtamu uliopoa hushuka kama soda, na anayeanza kunywa hasikii ukali wa kumwambia apunguze. Tena kuna mambo ya bei hapo. Tangu mwishoni mwa 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini umekuwa ukitozwa kulingana na kiasi cha alkoholi kilichomo, si kwa lita tu. Mvinyo wa asilimia 8 hutozwa kidogo kuliko wa asilimia 14. Kwa hivyo ukilinganisha boksi tamu na chupa kavu ukasema boksi ni nusu bei, umelinganisha chungwa na ndimu. Soma asilimia kwanza, ndipo ulinganishe.

Macho ya kilabuni

Kuna sababu nyingine ya boksi kupendwa ambayo haisemwi kwenye kundi la WhatsApp, na si ya pesa.

Dada akiagiza bia nne kilabuni, kuna macho. Kuna mhudumu anayetabasamu vibaya, kuna mwanamume wa meza ya pili anayedhani amealikwa, na kuna safari ya kurudi nyumbani usiku. Kunywa nyumbani ni salama zaidi na ni heshima. Siwezi kumlaumu yeyote kwa hilo. Wanaume pia wapo, wale waliochoka na kelele za baa na bili za kuwanunulia watu wasiowajua.

Ila macho yale yale yanayoudhi, mengine yalikuwa ya rafiki anayekuambia, "Mwenzangu, tosha." Nyumbani hayupo. Ukiishi peke yako kwenye bedsita, na kazi inakukamua, na wazazi wako ushago wanadhani mambo ni shwari, mfereji ulio hatua tatu kutoka kitandani huwa rafiki wa haraka mno.

Nchi yetu imeshughulika sana na vyombo vidogo vya pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita Sheria ya Mututho, ilipiga marufuku pombe ya vifuko. Hoja ilikuwa na mantiki: kifuko ni cha bei ya chini, kinafichika mfukoni, na hata mtoto wa shule anaweza kukinunua. Afrika Kusini, kunakotoka maboksi mengi tunayonunua hapa, waliwahi kuwa na tatizo la mvinyo wa bei ya chini uliouzwa kwenye mifuko mitupu isiyo na katoni, iliyoitwa papsak. Ilitapakaa miongoni mwa maskini wa Rasi ya Magharibi, eneo ambalo wafanyakazi wa mashamba ya mizabibu waliwahi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Nayo ikapigwa marufuku.

Mfuko ule ule, ukiuvika katoni yenye picha nzuri na kuuweka kwenye rafu ya supamaketi, huwa bidhaa ya watu wastaarabu. Siombi boksi lipigwe marufuku. Ninachosema ni kwamba tumezoea kudhani tatizo la pombe ni la yule wa kifuko na yule wa chang'aa, halafu wa boksi anajiona yuko nje ya mazungumzo hayo. Mwili hausomi katoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Halikusema "isipokuwa mvinyo".

Serikali nayo imeanza kuangalia upande huo. Sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe kwenye supamaketi wala kwa kuagizwa mtandaoni na kuletewa mlangoni. Vijana wengi walikasirika, na wana haki ya kuhoji: mtu anayepiga kura na kulipa ushuru akiwa na miaka 18 anaambiwaje hajui kuchagua kinywaji? Mimi pia sidhani mapendekezo hayo yote yangefanya kazi. Lakini kama hatutaki serikali itufungie mfereji, lazima tuonyeshe tunajua kuufunga wenyewe.

Boksi linaposhinda kweli

Sasa turudi kwenye lile kundi la WhatsApp, kwa sababu hapo ndipo boksi lina haki yake.

Watu wanane, bethidei, Jumamosi. Boksi la lita 5 lina glasi 33, yaani glasi nne kwa kila mtu na moja ya ziada. Kwa bei yetu ya mfano, kila mmoja anatoa Sh625. Mngenunua chupa ingebidi ziwe saba, Sh7,000, na kila mmoja angetoa Sh875. Mmeokoa Sh2,000 kwa jioni moja, na hizo ni kuku wawili na viazi. Hakuna kitakachochacha kwenye friji ya mtu, na hakuna atakayebaki na mfereji wa kumwita Jumatatu usiku.

Ukiniuliza boksi ni la nani, hilo ndilo jibu langu. Lifunguliwe na watu, liishe na watu, siku hiyo hiyo.

Hata hapo kuna mambo matatu ya haki. Kwanza, asiyekunywa asichangishwe boksi. Kila kundi lina mtu anayefunga, anayemeza dawa, anayenyonyesha, au ambaye dini yake haimruhusu. Achangie chakula, na soda yake inunuliwe kwa heshima ile ile. Pili, glasi nne za asilimia 14 ni bia nne. Mwenye gari aache funguo nyumbani, na mwenye boda asishawishiwe "moja tu ya baridi". Tatu, boksi likiisha limeisha. Ile tabia ya kung'oa mfuko kutoka kwenye katoni na kuukamua kama chujio la nazi, kisha mtu kusema "tuchange tena", ndiyo hugeuza bajeti ya Sh625 kuwa Sh1,500 na Fuliza juu yake.

Ukishaamua kununua

Kuna mambo ya kuangalia kabla hujabeba boksi, na hayachukui dakika mbili.

Angalia stempu ya ushuru, na uikague kwa programu ya Soma Label ya KRA. Bei ikiwa ya ajabu na stempu haisomeki, liache hapo hapo. Hicho usichokijua ndani ya mfuko kinaweza kukugharimu macho.

Angalia tarehe. Mfuko wa plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo hata kabla haujafunguliwa, kwa hivyo boksi si kitu cha kuweka mwaka mzima kusubiri harusi ya binamu. Lililojazwa karibuni ni bora kuliko lililopunguzwa bei baada ya kukaa sana.

Liguse. Katoni iliyolowa maana yake mfuko unavuja. Lililofura maana yake kuna kinachochacha ndani. Mfereji uwe na kifuniko chake cha kiwandani.

Soma maandishi madogo. Si kila katoni yenye picha ya zabibu ina mvinyo wa zabibu. Nyingine ni kinywaji kilichotiwa alkoholi, rangi na ladha. Kama ndicho unachotaka, sawa, lakini usikilipie bei ya mvinyo.

Liweke mahali penye baridi. Kama huna friji, zile wiki sita zisahau, na kama uko Mombasa au Kisumu ambako joto halina huruma, zisahau maradufu. Boksi lililo kando ya dirisha la jua hugeuka upesi.

Na kama lazima ulifungue peke yako, chukua kalamu. Andika tarehe uliyolifungua juu ya katoni. Kila glasi unayomimina, chora kijistari kimoja, kama mama wa kibanda anavyochora deni lako la maziwa. Pima glasi yako: jaza maji kwenye chupa ya soda ya mililita 500, ikijaza glasi tatu na kidogo, glasi yako ni ya haki. Ikijaza moja na nusu, umepata siri ya pesa zako zinakoenda.

Vistari hivyo havidanganyi. Ukifika wiki ya pili na vimeshazidi ishirini, shida yako si bei ya mvinyo tena, na hakuna ofa ya supamaketi itakayoitatua. Zungumza na mtu unayemwamini. NACADA pia wana laini ya 1192, na simu hiyo ni ya bure.

Kwa wengine wote, msitishwe na wanaocheka boksi wala msivutwe na wanaolisifu. Mtu akiandika tena kwenye kundi "tushike boksi", msimuulize tu bei ni ngapi. Muulizeni tuko wangapi. Mkiwa wanane, tumeni pesa. Mkiwa wawili, nunueni chupa.